Mtini Uliohamia kwa Mwalimu

Fundi cherehani mmoja alimuuguza mama yake miaka saba. Alimwogesha, alimlisha, na kila Jumamosi alifuta kwa kitambaa kibichi majani ya mtini wa mapambo uliosimama kwenye chungu kando ya dirisha la sebuleni, ule wenye matawi yanayoinama kama nywele zilizolowa. Mama alimwelekeza kutoka kitandani: asiumwagilie mpaka udongo ukauke urefu wa kidole, na asiusogeze ovyo, maana ukihamishwa hununa na kupukutisha majani.

Mama alipofariki, ikajulikana kwamba kila kilichomo ndani ni cha fundi, isipokuwa mti. Huo mama aliagiza apewe mdogo wake fundi, mwalimu, ambaye alikuwa akija mara moja kwa mwezi na mfuko wa machungwa, anakaa saa moja, anaondoka.

Fundi alisaidia hata kuupakia garini. Lakini jambo lile lilimkaa rohoni. Akiwa anashona sare za shule, macho yalimwenda yenyewe kwenye duara jeupe lililoachwa na chungu sakafuni, na wiki ile sindano ilimchoma mara mbili.

Mwezi haujaisha akaenda kuutazama. Aliukuta nusu uchi, majani ya njano yametapakaa zuliani. Mwalimu akamweleza kwa masikitiko kwamba anaumwagilia asubuhi na jioni, na ameshauhamisha mara tatu kuutafutia mwanga. Fundi alijua papo hapo kosa liko wapi. Akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, akasema labda ni hali ya hewa, akaaga. Njiani alijisikia mwepesi, na wepesi ule ukamtia hofu.

Siri hiyo alikaa nayo wiki mbili. Kisha mwalimu akampigia simu kusema amechoka, atautupa. Fundi akatia mkasi na magazeti kikapuni, akatoka bila hata kufunga cherehani.

Walilaza chungu wakauvuta mti. Udongo ulinuka kama maji ya mtaro. Mwalimu akashika shina, fundi akakata mizizi iliyooza, mmoja baada ya mwingine. Walipokwisha kuupanda upya kwenye udongo mkavu, fundi akauliza bila kumtazama mwenzake:

"Hivi kwa nini mama alikupa wewe?"

Mwalimu akapangusa udongo viganjani. "Nilimuuliza, dada. Akasema, 'Dada yako ameshanitunza mimi, sitaki nimwachie kingine cha kutunza.' Akasema mimi sijawahi kutunza kitu, nijifunze."

Fundi akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu kuliko tope lilivyohitaji. Aliporudi alimshika mdogo wake kidole, akakizamisha udongoni, akamwonyesha ukavu unavyopimwa, na akamkataza kuusogeza mti hata shubiri moja.

Baada ya miezi miwili ikaja picha kwenye simu: majani mapya, yanang'aa, kila tawi. Fundi akajibu kwamba umependeza, na alimaanisha. Halafu akaikuza ile picha, akaipitia polepole toka juu hadi chini, akitafuta angalau jani moja la njano. Hakuliona, na roho ikamuuma.