Nyayo za Mpiga Picha

Nakumbuka Jumapili moja kule Fridley, Marekani, mwanangu, miaka ya tisini, mimi na mke wangu Zawadi tukiwa wageni, hata glavu hatujazizoea. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja Mmarekani. Babu yake alikuwa mhandisi, mvumbuzi wa njia na mpiga picha, zama zile watu walipokimbilia dhahabu kaskazini. Sebule ilijaa picha zake, nami nazipita tu. Ujana bwana.

Asubuhi ile bibi alituonya: baridi imeanza kulegea, msikanyage barafu ya ziwa lile nyuma ya nyumba. Nikaitikia kwa mdomo. Moyoni nilitaka picha ya kuwatumia wazee Morogoro, waone mkwe wao amesimama juu ya maji. Nikabaki ukingoni na kamera ya kuazima, Zawadi akaingia juu ya barafu.

"Rudi nyuma kidogo. Tena, koti halionekani lote."

"Idi, huku panalia."

"Tabasamu kwanza."

Barafu ikapasuka, akazama hadi kiunoni. Nikataka kumkimbilia. Bibi, aliyetuona dirishani, alishatoka akiburuta ngazi, akanifokea nisithubutu: uzito wa wawili utammaliza. Tukaisukuma ngazi juu ya barafu, Zawadi akaing'ang'ania, akalala kifudifudi, nami nikavuta taratibu huku barafu ikilia chini yake. Niliogopa, mwanangu. Niliona namzika mke wangu kwa ajili ya picha.

Zawadi akiota moto, hataki hata kunitazama, bibi alinivuta mbele ya picha moja ukutani. Wanaume wenye mizigo wanavuka mto ulioganda, wanaijia kamera. Mbele yao zimetangulia nyayo za mtu mmoja, na kandokando matundu ya fimbo.

"Nyayo za nani hizi?"

Nilishaelewa, lakini bibi akajijibu mwenyewe.

"Za babu yangu. Alivuka kwanza, akipima kwa fimbo, ndipo akawaita. Wewe ulisimama wapi?"

Ile filamu sikuisafisha kamwe.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nami naongeza: ukitaka kuujua, usimtume mwenzio. Kabla hujamwita mtu kwenye safari, biashara au ndoa, hakikisha nyayo za mbele ni zako. Na akikwambia panalia, msikilize hapo hapo. Mungu akupe ujasiri wa kutangulia na masikio ya kusikia, na wote uwaitao wafike ng'ambo wakiwa wakavu.