Toa Mistari, Bakiza Hoja

Washairi wa Vietnam wamegombana sana, na mimi ninaweza kukueleza sababu zote. Kuna waliosema kwamba shairi lisilofuata kanuni za wazee ni maneno ya mlevi. Kuna waliowajibu kwamba wazee hao waliandika kwa ajili ya mitihani ya mfalme, si kwa ajili ya mtu. Mmoja alishikilia kwamba ushairi mpya ndio uliolileta neno "mimi" katika lugha iliyozoea kusema "sisi", na mwingine akamrukia kwamba huyo "mimi" alikuwa kijana wa mjini anayelilia mapenzi huku nchi yake inatawaliwa na Wafaransa. Niamshe usingizini, nitakupa madai, sababu na pingamizi. Lakini usiniulize mstari hata mmoja wa mashairi yenyewe, kwa maana siujui. Na kama ingekuwa ni mashairi ya Vietnam peke yake, nisingekaa hapa kuandika.

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho tunachoamkiana nacho na ndicho tunachozikana nacho. Bibi yangu mzaa mama alitoka Ujiji akaja na sufuria, mkeka na utenzi. Sufuria na mkeka vilikwisha zamani, utenzi ukabaki kwa mama. Ulikuwa utenzi wa msiba. Siku ya tatu, matanga yanapoondolewa, wanawake huketi chini, mmoja akaimba beti na wengine wakaitikia: "Twende pole, twende naye." Kiitikio kila mwanamke wa mtaa alikijua. Beti zilikuwa za mama peke yake, na baada yake zingekuwa zangu, kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa.

Hakuna aliyeuandika. Bibi alisema ukiandikwa utasomwa na kila mwenye macho, hata asiye na msiba. Mimi nilifundishwa jikoni, nikichambua mchele, mama akigonga mizani kwa kidole kwenye ukingo wa ungo: nane, kisha nane, kisha nane, kisha nane. Nikikosa moja tunarudi mwanzo, na mimi narudia kuchambua mchele ambao ulikwisha kuwa safi tangu ubeti wa kumi. Nilimchukia kwa hilo. Siku hizi ningemchambulia mchele wa soko zima.

Nilifika Johannesburg mwaka 2008, mwaka mbaya wa kufika, wageni walipokuwa wakifukuzwa kwa moto na marungu. Palipotulia nikapata chumba Jeppestown, katika karakana ya zamani iliyogawanywa kwa mbao nyembamba, ukipiga chafya jirani anakuombea. Jirani yangu alikuwa msusi kutoka Bukavu, Mkristo wa kanisa la ngoma na vipaza sauti, mwenye mdomo mkali kuliko kitana chake. Katika miezi ile ya kwanza mwanamke wa kwetu alifariki kule Mayfair, tunakoswali, nami nikaombwa kuimba siku ya tatu. Nikauimba utenzi wote, mwanzo hadi mwisho, bila kujikwaa. Wanawake wa Kisomali wa nyumba ya pili, wasiojua neno, walikuja wakakaa mlangoni wakalia nasi. Ninaliweka hili wazi kwa sababu wapo wanaoniambia kwamba labda sikuwahi kuujua. Niliujua.

Kazi yangu ilikuwa kushona mapazia, na mapazia ndiyo yaliyonipeleka Troyeville kwa mama mmoja wa Kizungu, mzee, aliyestaafu kufundisha fasihi chuoni. Nyonga zilikuwa zimemgomea, akawa mtu wa kiti kimoja karibu na dirisha, amezungukwa na makaratasi hadi magotini. Nikiwa juu ya ngazi ninapima dirisha, nilikisoma kwa sauti kichwa cha makala ya Kifaransa iliyokuwa kwenye rafu. Akaniuliza kama ninaelewa. Nikamwambia kwetu tulichapwa fimbo ili tuelewe. Alicheka, kisha akanieleza shida yake: alikuwa anaandika kitabu juu ya magomvi ya washairi katika nchi zilizopita vitani, na sura ya Vietnam ilikuwa imemshinda, maana makala nyingi za mabishano yale zilikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa chake kiliishia kwenye kuagiza chakula. Aliniomba niwe ninamfupishia. Nikakubali, nikawa ninakwenda asubuhi na kurudi kwenye cherehani mchana. Alitaka nimwite kwa jina lake. Mtu wa umri ule haitwi jina, nikamwita Mwalimu.

"Toa mistari, bakiza hoja," aliniambia siku ya kwanza. Kila makala iwe ukurasa mmoja: mwandishi anadai nini, kwa sababu gani, na anambishia nani. Mashairi yaliyonukuliwa niyapige mstari mwekundu, hayamsaidii. "Shairi likishavuka lugha mbili limekwisha kufa," alisema. "Hoja ndiyo inayosafiri." Sikuona ubaya. Alikuwa mtu mwema, na chai yake nyekundu ilikuwa ya moto, na mimi nilikuwa nimechoka kuinamia pindo za mapazia.

Katika makala zile mashairi yalikaa katikati ya ukurasa, mistari mifupi yenye weupe huku na huku. Juu kwa Kivietnam, herufi zimebeba alama juu na chini, na hapo chini tafsiri ya Kifaransa. Mwanzoni nilikuwa nikisoma kwanza, kisha ninapiga penseli nyekundu. Baadaye nikawa ninapiga penseli bila kusoma. Mwishowe hata penseli sikuihitaji: jicho lenyewe lilijifunza kuruka mistari mifupi, kama mtu anavyoruka dimbwi bila kukatiza mazungumzo.

"Unasoma nini siku yote, dada?" jirani yangu aliniuliza Jumapili moja, anachoma mahindi mlangoni. Nikamweleza.

"Bale batu banagombana juu ya mashairi? Bon, banakosa kazi."

"Na mimi ninalipwa kuwasikiliza."

"Eish. Basi, bagombane tu."

Makala moja sitaisahau. Aliyeiandika alikuwa mwanamke, tena mwenye hasira, nikampenda mara moja. Alizungumzia mtindo wao wa sita na nane, mstari wa mizani sita ukifuatwa na wa mizani nane, na kina cha mwisho cha ule mfupi kikidakwa ndani ya ule mrefu. Washairi wa kisasa walikuwa wakiudharau, wakisema ni mtindo wa vibibi. Yeye akadai kwamba kila mmoja wao alibembelezwa kwa mtindo huo huo kabla hajajua kusema "kisasa", na kwamba wanaukana mdomoni tu, sikioni hawawezi. Nilifurahi hata nikamsimulia Mwalimu habari za mama na ungo wake. Akasema, "Ni hoja yenye nguvu. Iweke." Nikaiweka. Wimbo wenyewe wa kubembelezea ulikuwa umechapishwa mzima, nusu ukurasa, nami nikauruka. Mama wa Kivietnam alimwimbia nini mtoto wake, mpaka leo sijui.

Miaka ikaenda. Sikutambua kwamba nilikuwa nimeanza kuwasikiliza watu wote hivyo hivyo. Jirani akinisimulia ugomvi wa kanisani kwao, ninamngoja afike kwenye jambo lenyewe. Hotuba ya Ijumaa naigawa palepale: dai, ushahidi, dai. Hata mama. Alikuwa akinipigia simu na kunisimulia bei ya mawese, kuku wa jirani aliyetaga kitandani, ndoto aliyoota, na mimi ninamkatiza, "Kwa hiyo, mama, unataka kusema nini?" Alikuwa akicheka. "Nataka kusema tu, mwanangu."

Mwaka 2013 mdogo wangu wa kike, aliyebaki nyumbani na mama, alinipigia akiwa hospitalini. Kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwenda.

"Anasikia," alisema. "Lakini anasema 'ee' tu. Ukimpa maji, ee. Ukimuuliza wewe ni nani, ee."

Niliomba apewe simu. Nikamsikia akipumua, kisha akasema, "Ee." Nilingoja aongeze neno. Ningesikiliza habari za kuku mpaka jioni.

Walipomrudisha nyumbani, mdogo wangu alisema lile ambalo sote wawili tulikuwa tunaliwaza. "Dada, utenzi. Nifundishe sasa, mama yuko hai, asikie umefika kwangu." Nikamwambia achukue ungo. Aliuchukua kweli, niliusikia ukigusa sakafu karibu na kitanda cha mama. Nikafungua mdomo.

Nilichokikuta kilikuwa muhtasari. Nilijua ubeti wa kwanza unadai nini, na wa pili unaongeza nini juu yake. Nilijua kwamba marehemu haondoki mara moja, kwamba anazunguka uani akitafuta alichokiacha nusu, kwamba walio hai wanakatazwa kumharakisha. Nilijua mahali mwimbaji anapoacha kuwasema wafu na kuanza kujisemea mwenyewe. Kila kitu kilikuwepo, kwa mpangilio, safi, ukurasa mmoja. Maneno hayakuwepo. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga nane kwenye paja, bila kukosea, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Dada?"

"Ngoja."

Akangoja. Nyuma yake nilimsikia mama akisema, "Ee. Ee."

Mdogo wangu hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. "Utenzi utarudi," alisema. "Vitu hivi vinakaa mdomoni, si kichwani. Siku wanawake watakapoitikia, utakuja wenyewe." Nikamwamini, kwa sababu sikuwa na jingine la kushika. Aliwazungukia vikongwe wote wa mtaa, mmoja baada ya mwingine. Wote walikijua kiitikio na wote walisema beti ni za mama.

Kurudi sikuweza. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa inasema nimekimbia kule, na anayerudi alikokimbia hana tena karatasi. Basi nikajaribu hapa hapa. Nilinunua mchele kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikaumwaga kwenye sinia, maana ungo sikuupata, nikakaa chini nikigonga ukingo. Mchele wa huku unatoka kiwandani umeshasafishwa, hauna hata kijiwe kimoja. Nilizungusha mkono katika mchele usio na cha kuchambua, na utenzi haukuja. Nilijaribu nikitembea, nikisimama kwenye robot, taa za barabarani, nikingoja magari, nikioga. Nilimwambia Mwalimu kwamba siji tena, nikamweleza sababu. Alinishika mkono akasema kwa upole, "Lakini unajua utenzi ulikuwa unasema nini. Hilo ndilo kubwa." Niliinuka nikatoka kabla sijamjibu neno ambalo mtu wa umri ule haambiwi.

Nilikata tamaa. Sitafuti namna nzuri zaidi ya kulisema. Niliamka, nikashona, nikalala, na katikati ya hayo yote kidole kilikuwa kinagonga nane kwenye kitambaa cha watu.

Mama alifariki mwaka uliofuata, asubuhi, akazikwa Alasiri ile ile. Siku ya tatu mdogo wangu aliniambia wanawake wamekaa, ua umejaa mpaka barabarani, na simu ameiweka katikati ya mkeka, mahali ambapo mama alikuwa akiketi. Jirani yangu alikuwa amefunga saluni yake. Alikuja akaketi kitandani kwangu bila kusema kitu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake, akanishikia simu kwa mikono miwili.

Wakaanza. Sauti zote za utoto wangu zilikuwa mle, nyingine zimezeeka. "Twende pole, twende naye." Kisha wakanyamaza, kama ilivyo desturi, kumwachia mwimbaji nafasi yake.

Kidole changu kikagonga nane. Kikagonga nane nyingine. Ubeti mzima ukapita hivyo, mtupu, na wao wakauheshimu kana kwamba wamesikia kitu, wakaitikia. Wakanyamaza tena. Nilikuwa nimefumba macho na kuinamia simu, ninauomba uje, hata nusu mstari. Mdomo ukafunguka wenyewe, kama mdogo wangu alivyosema, na sauti ikatoka, sauti ile ile ya asubuhi za Troyeville.

"Utenzi huu unasema kwamba marehemu haondoki mara moja," nilisema. "Unasema kwamba anatafuta alichokiacha nusu. Kwamba tusimharakishe. Na mwisho, mwimbaji anamwambia marehemu kwamba yote aliyoachiwa bado anayo, hakuna kilichopotea."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtoto akinyamazishwa. Kisha sauti ya bibi kizee ambaye sikumtambua ikaja karibu na simu, taratibu, bila ukali wowote.

"Ahsante, mwanangu, tumeelewa. Sasa mwimbie mama yako."

Wakaitikia, wakaniachia nafasi.