Masega ya Didace

"Ekzosi niliyoigusa mimi, hata malaika ataweka pua!" Didace alitamka hivyo kwenye kipaza sauti, harusini kwa Jean Bosco, na mtaa mzima wa Nsemulwa ukapiga vigelegele. Malaika hakuulizwa.

Didace ni fundi ekzosi pale Kashaulili. Mikono yake ni kama majembe, ila mkewe Capitoline anamshika kama yai. Jumapili hubeba kwaya kwenye Noah yake kuukuu, wakaimbe kwenye vigango, makanisa madogo ya kule Kasekese. Capitoline huimba sauti ya pili, na kiti cha mbele kushoto ni chake. Hajawahi kukikalia mwingine.

Mwaka jana Noah ikaanza kukosa nguvu. Didace akafungua lile kopo la katikati ya bomba, akakuta masega, kile kigae chenye vitundu kama vya nyuki kinachosafisha moshi, yamejaa masizi. Akafanya anavyowafanyia wateja wote: akayapiga moto wa gesi mpaka yakaiva mekundu kama mkaa. Yakatoka meupe, yanapendeza kama sahani za sikukuu.

Noah ikapata nguvu. Capitoline akaanza kukohoa.

Mlango wa nyuma haufungi vizuri, moshi unaingia. Mwanzoni alijiziba na kitenge. Baadaye kichwa kikawa kinamgonga hadi anakosa sauti. Jumapili moja akashuka, akaita bodaboda.

"Mama Egide, unapanda pikipiki ya mtu mbele ya kwaya yote?"

"Baba Egide, vumbi nalijua. Hiyo harufu yako siijui."

Ikawa ndiyo safari yao: Noah mbele, Capitoline nyuma kwenye bodaboda, amekuwa rangi ya tofali. Didace anatazama kioo kuliko barabara.

Didace akanijia mimi jirani yake, maana nilisoma nusu ya diploma ya kemia. Nusu nyingine iko chuoni, inanisubiri.

"Masega nimeyasafisha mwenyewe. Sasa nini kinanuka?"

"Umeyasafisha mpaka ukayaua, kaka."

Nikamweleza. Kwenye vile vitundu kuna vipunje vya platinamu, vidogo hata jicho halivioni. Kazi yote hufanyika juu ya ngozi ya kipunje, hasa kwenye kingo na pembe zake: hapo ndipo moshi mchafu unaposhikwa na kugeuzwa. Chembe za ndani ya kipunje zimekaa tu, kama wajumbe wa kikao wanaongoja soda. Joto la injini vinalimudu. Moto wa gesi ukivizidi, vinatambaa, vinaungana, vinakuwa madonge ya mviringo. Platinamu ni ileile, ila ngozi imepungua, pembe zimekwisha, moshi unapita bila kuguswa.

"Yaani watu wote nimewafungia ndani, mlangoni hakuna wa kupokea mgeni."

"Hakuna."

Nilitaka kumkumbusha malaika wake. Uso wake ukanizuia.

Akatafuta masega mengine, ya Noah iliyogonga mti injini yake ikiwa bado nzima. Akayafunga bila kuyaonyesha moto. Jumapili akawasha gari, akaliacha lipate joto, akamwita mkewe nyuma. Capitoline akachuchumaa, kitenge kimebanwa magotini, akanusa. Akanusa tena.

"Malaika anasemaje?" Didace akauliza kwa sauti ndogo.

"Anasema umfungulie mlango."

Akapanda mbele, kushoto. Mwenye bodaboda akabaki anapiga honi ya wivu.

Wateja bado wanamletea masega wakitaka yachomwe. Didace anawarudishia mikononi, anawaambia wakanunue mengine. Hata yaliyotumika, ya Noah, bei yake ni laki nne na nusu.