Kilomita Zangu za Jumamosi

Ofisini kwetu Kisii, mimi ndiye huwaeleza wenzangu jambo hili: ukitumia gari lako mwenyewe kwa kazi, pesa unazorudishiwa za safari hazikatwi kodi. Lakini safari iwe ya kazi kweli, maana ukidanganya mara moja hutaaminiwa tena. Ni rahisi, kila mtu anaweza.

Basi juzi nikampelekea Kwamboka, mhasibu wetu mpya, maombi ya kurudishiwa pesa za safari yangu ya kuwatembelea wakulima wa chai Nyacheki.

"Mzee, una hakika ulienda Jumamosi?" akauliza kwa upole.

Nikadhani sheria hizi zimemchanganya. Nikavuta kiti, nikamweleza polepole: nilivyopitia Ogembo, matope nilimokwama, miche niliyokagua.

"Njia naijua, Mzee. Nauliza siku."

"Jumamosi, mwanangu! Asubuhi hadi jioni. Usiogope, utaizoea kazi hii."

Kwamboka akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Haya. Sasa Jumamosi hiyo, mzee wetu wa kanisa, ni nani aliyesimama pale kanisani Nyakoe, mimi nikiwa kiti cha nyuma, akatufundisha kwamba siku ya Sabato hata ufunguo wa gari la kazi upumzike?"

Nilikuwa nimekwenda Ijumaa, wapendwa. Ijumaa! Nilijaribu kueleza, mimi niliyezoea kueleza kila kitu, lakini nani angenisikia kwa kicheko kile?