Vidonge vya Paka wa Mama

Vita vilipotutoa Uvira, mama yangu alifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, bila mume. Jirani mmoja Mnyarwanda alipohamishiwa ng'ambo, alimwachia paka wake, dume lililokwisha zeeka. Mama akawa anaongea naye kuliko alivyoongea na sisi wanawe.

Kisha paka akaanza kukonda. Alikunywa maji mfululizo, na hata akilala mbavu zilienda mbio. Nikamtia kwenye kikapu, tukapanda minibasi hadi Lilongwe, abiria wakinicheka njia nzima.

Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua, akamminya tumbo.

"Figo zimechoka, na moyo haufanyi kazi vizuri," aliniambia. "Dawa ya moyo itamtoa maji mwilini, lakini figo zinayataka maji hayo hayo."

"Sasa nifanye nini?"

"Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Tujaribu. Na usimpe samaki wa chumvi."

Kambini kitoweo chetu kilikuwa dagaa wa chumvi.

Nilipovitazama vidonge, damu ilinichemka. Vilikuwa dawa ile ile aliyoandikiwa mama kwa ajili ya moyo wake. Kila alipokwenda zahanati ya kambi aliambiwa imeisha, arudi tena.

Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Mama, kunywa hizi. Njo dawa yako ile ya moyo."

"Hii ni ya paka."

"Miguu yako imevimba hivi, we unaniambia paka?"

"Ule dokta alipima paka, hakunipima mi. Nitangoja yangu."

Nikakimbilia zahanati kuuliza. Muuguzi akasema jina ni moja ila nguvu yake si sawa, mama asiiguse. Ya kwake je? Bado.

Basi nikarudi kupigana na paka. Mama alimfunga kwa kitenge, mimi nikamsukumia nusu kidonge kooni. Alining'ata, akatoa povu, akakitema. Tukakificha ndani ya tonge la nsima, ugali wa huku. Akalamba nsima, kidonge akakiacha. Siku alizokimeza, pumzi ilitulia kweli. Lakini akaacha kula, akadhoofu, na asubuhi moja tukamkuta amekufa juu ya vitambaa vyangu vya kushona.

Dawa ya mama ililetwa tulipokwisha mzika paka. Nilimuuliza muuguzi ilikuwa wapi siku zote hizo, akanisogezea daftari nitie sahihi. Uvimbe wa mama ukapungua, akaanza tena kwenda kanisani kwa miguu. Nikamuuliza kama nimtafutie paka mwingine.

"Hapana, mtoto wangu," alisema. "Nimechoka kuzika."