Meza ya Karani

Jirani yangu, karani wa posta hapa Stanleyville, hukunja kitambaa mara nne kabla ya kupangusa chochote. Mwaka mmoja alipangusa hata remorki, tela la kubebea takataka. Alikuwa ameikodi asafishe lupango lake, kiwanja cha nyumba yake, maana tume ya wazungu ingekuja kukagua nyumba kabla ya kumpa kadi ya évolué, ya Mwafrika "aliyestaarabika". Mwenye remorki hakurudi kuichukua. "Kesho, Papa, kesho," karani aliambiwa kwa wiki sita kila alipomwendea. Na sisi majirani, sikatai, tuliitupia maganda ya ndizi. Kila asubuhi aliyazika nyuma ya choo, kola imefungwa, bila kututazama.

Siku ya tume aliifunika kwa mbao, akatandika kitambaa cheupe na vikombe sita. "Na hii?" mzungu mmoja akauliza. "Meza ya inje, Monsieur," akajibu kwa sauti yake ileile ya dirishani posta. Wakanywa kahawa, wakaandika.

Kesho yake mwenye remorki akaja na kamyo kuivuta. Karani akakimbilia nje, akakumbatia gurudumu la remorki. "Ah non, Papa! Iko mu liste ya bazungu: meza moja. Bakirudia kuangalia, nitabaonyesha nini?"