Waya wa Nyuma ya Meno

Sipendi kuulizwa habari za meno yangu. Nafanya kazi steshenari pale Mwenge, na mteja anayesubiri fotokopi hana la kufanya ila kukukodolea macho mdomoni. "Sista, una meno mazuri, ya kuzaliwa hayo?" Namjibu ndiyo, nampa karatasi zake, aende. Uongo mtupu. Ya kuzaliwa yalikuwa mengine kabisa, na nikiyakumbuka napandwa na hasira mpaka leo.

Meno yangu yalikuwa ya baba. Chonge la kulia limepanda juu ya mwenzie, mawili ya mbele yamesukumana kama watu kwenye foleni ya maji. Baba akicheka kibarazani kwetu Manzese, na mie nikacheka pembeni yake, hukuwa na haja ya kuuliza huyu mtoto wa nani. Mama alikuwaga anamtania: "Huyu hata ungemkana, mdomo wake ungekusuta." Na baba alikuwa mtu wa kucheka. Karani mstaafu, mtu wa bara aliyekuja mjini kijana, alicheka kinywa wazi, kichwa nyuma, majirani wa ukuta wa pili wakasikia.

Kisha nikapata mchumba. Mtu wa Kinondoni, mwenye kazi ya ofisini na shati la pasi hata siku ya kufua. Jumapili moja alikuja nyumbani, baba akampigia hadithi zake, wakacheka wote. Nilipomsindikiza mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi, tukiwa tumesimama tunasubiri, akaniambia, "Mzee wako ana meno, loh! Wewe usije ukafika huko."

Nilicheka. Jamani, nilicheka! Nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa yote.

Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Huyu wangu kengeza aliliona, akalitafutia daktari. Alikuwa mama mmoja mpole, kliniki yake ghorofani huko Kinondoni. Alinitazama kinywa, akashauri waya wa kawaida, ule wa mbele. "Upo na wa kufunga nyuma ya meno," akasema, "ila unasumbua ulimi. Maneno yatakugomea kwanza. Wengine wiki, wengine miezi."

Mchumba alijibu kabla sijapumua. "Tunataka wa nyuma. Hatutaki uonekane."

Tunataka! Kinywa changu, anayetaka ni yeye. Nami nikatikisa kichwa kukubali, nikauma dongo baridi la kuchukulia kipimo mpaka machozi yakanitoka.

Sababu aliyonipa ni shangazi yake. Ndiye aliyemlea, na kwa maelezo yake huyo mama alichukia watu wanaojibadilisha maumbile. Angejua bibi harusi anatengenezwa meno, ndoa ingekuwa na maneno kabla ya kuanza. Kwa hiyo asijue mtu. "Hata kwetu?" nikamuuliza. "Hata kwenu," akasema, "wazee hawana siri." Nikakubali na hilo pia. Nilitaka kuolewa na huyu mtu kuliko nilivyotaka kitu chochote, nisidanganye.

Vyuma vyenyewe vilitengenezwa kwa kipimo cha meno yangu na vikachelewa. Vilipofungwa, zilikuwa zimebaki wiki tatu watu wake waje kwetu kuleta mahari.

Ukinitazama huoni kitu. Ndani, ulimi wangu ulikuwa umehamia kwenye seng'enge. Ulichubuka pande zote mbili ukatoka vidonda. Daktari alinipa nta ya kubandika juu ya vyuma, nta inabanduka kwenye ugali, naimeza na ugali wangu. Nyumbani nilisema ni vidonda vya kinywa tu. Mama, maskini, akawa ananichemshia maji ya chumvi asubuhi na jioni, na mie nayasukutua huku namdanganya.

Vidonda ningevumilia. Shida ilikuwa maneno. Neno lolote lenye s au sh lilitoka limejaa upepo. Dukani nikawa naandika bei kwenye karatasi, mteja anadhani nimekasirika. Nyumbani nikawa binti wa ndiyo na hapana. Lakini siku ya mahari binti huitwa mbele ya watu akaulizwa, tupokee? Naye hujibu, "Pokeeni." Neno hilo nilijifungia nalo chooni nikalisema mpaka likachakaa. Lilitoka safi kabisa. Mchumba kwenye simu akanipa moyo: "Sema hilo tu, basi, ukae kimya." Watu wazima wawili, tumelelewa na wakubwa wetu tukaleleka, tukasahau kitu ambacho mtoto wa miaka mitatu hakisahau.

Walikuja Jumamosi mchana, watu tisa. Turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa mstari, shangazi katikati na kitenge chake kipya, mshenga wao pembeni, mchumba mwisho kabisa. Kwa desturi yao mwoaji haongei siku hiyo. Mshenga ndiye mdomo wake. Nikaitwa kutoka chumbani. Nikapiga goti mbele ya mzee wa kwanza, nikafungua kinywa, na hapo ndipo nilipokumbuka.

"Thikamoo."

"Marahaba," akasema mzee, akanitazama mara mbili.

Sasa utafanyaje? Mzee harukwi. Huwezi kumpa mkono mtu mzima ukabaki umemtolea macho kama bubu. Nikahamia kwa wa pili, thikamoo. Wa tatu, thikamoo. Mate yananijaa, jasho linanitiririka mgongoni, na nyuma yangu nasikia dada zangu wa ukoo wananong'ona. Shangazi alikuwa wa tano. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko dharau. Kisha akamgeukia mshenga wake. "Mbona hukutuambia kama binti ana kitembe? Si vibaya, lakini mambo haya huambizana."

Baba akasimama. "Mwanangu hana kitembe," akasema. "Nimemlea mwenyewe. Anasoma masomo kanisani tangu mdogo, kanisa zima linamsikia." Akanigeukia anatabasamu, ana uhakika nami asilimia zote. "Mama, umeingiwa na woga tu. Wasalimie tena wasikie."

Nikawasalimia tena. Ikawa ile ile. Tabasamu la baba likaondoka usoni, akabaki amesimama mbele ya wageni kama mtu aliyesema uongo.

Nikamtazama mchumba. Sentensi moja ilitosha: ni waya, nilimwomba mimi auweke. Angesema hivyo, desturi ingemsamehe na watu wangecheka, basi. Alikuwa anakagua kiatu chake.

Nikaona hapa mkombozi hayupo. Nikaenda kwa baba, nikafungua kinywa wazi, nikamwambia, "Baba, angalia." Akavaa miwani. Akawasha tochi ya simu akanimulika, kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondokea nyuma ya kabati. Alichungulia muda mrefu.

"Waya," akasema. "Mama, nani kakuwekea waya?"

Nilimtazama mchumba, na uwanja mzima ukafuata macho yangu. Ndipo yule mtu ambaye desturi ilimtaka anyamaze akanyanyua kichwa, akasema neno lake la kwanza na la mwisho siku ile.

"Hata mie ndiyo naona leo."

Ebo! Mtu aliyekaa nami kwa daktari! Mtu aliyejibu kabla yangu!

Na shangazi, huyo huyo niliyeogopeshwa naye, unajua alifanya nini? Alipiga makofi akacheka. "Kumbe waya tu! Mwanangu, si ungesema? Mficha maradhi kifo humuumbua. Binti wa mdogo wangu anao mdomo mzima, akicheka unameremeta. Waya hutoka. Haya, tuendelee." Watu wakapumua, soda zikazungushwa. Hakuchukia chochote, yule mama. Aliyekuwa anaona haya alikuwa ni mmoja tu, na alijificha nyuma ya gauni la shangazi yake.

Mzee wetu wa upande wa baba akaniuliza kama inavyoulizwa: mahari hii, tupokee? Wote wakanitazama na nyuso za kuniombea mema. Lile jibu la chooni lilikuwa tayari mdomoni.

"Hapana," nikasema.

Lilitoka safi, kila mtu akalisikia. Mama alishika kichwa. Nikaulizwa tena, nikarudia. Mchumba alinifuata mpaka mlangoni pa chumba changu, sasa sauti anayo, ananiita kwa majina yote ya mapenzi. Nikamfungia. Wageni walikula, maana chakula cha watu hakitupwi, kisha wakaondoka kwa heshima zao, shangazi wa mwisho.

Nilipotoka, baba alikuwa amekaa peke yake chini ya turubai, miwani mkononi. Nilijua atanigombeza.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mtu haolewi na mwongo." Akaikunja miwani yake. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mama, ni haya meno yetu, eh? Yalikuwa yanakutia aibu?"

Nilikuwa na jibu refu, la mchumba na la daktari, na lote lilikuwa la kweli. Lakini kule kituoni nilicheka, na hilo sikuweza kumwambia baba yangu. Nikaanza kukusanya viti.

Waya ulikaa mwaka na nusu, kwa sababu daktari alisema kuukatisha njiani ni kuharibu zaidi. Ulimi ulizoea mapema tu, shikamoo yangu ikarudi. Meno yamenyooka, na yule bwana ameoa, sitaki habari zake. Baba bado anakaa kibarazani jioni na watoto wa majirani bado wanakuja kumtania. Ila tangu siku ile, akitaka kucheka, anaziba mdomo kwa kiganja.